Neno la Kiingereza "Taunt" na Maneno Yetu ya Utani, Kijembe na Tusi

Waingereza wanalo neno "taunt", nalo humsumbua mfasiri wa Kiswahili kila anapokutana nalo. Mmoja ataandika "dhihaka", wa pili "kejeli", wa tatu "simango", na wa nne, akiwa na haraka, ataandika "tusi" na kuendelea na kazi yake. Hapana aliyekosea kabisa, wala hapana aliyepatia kabisa. Sababu yake si umaskini wa lugha yetu. Kiswahili kina maneno mengi mno katika uwanja huu, na kila neno limefungamana na hali yake: ni nani asemaye, amwambia nani, mbele ya nani, kwa wazi ama kwa fumbo, na aliyeambiwa, je, anayo ruhusa ya kujibu? Kiingereza cha leo chaweza kulitumia neno lao bila ya kuuliza hayo yote. Kiswahili huyauliza kwanza, ndipo hutoa neno.

Makala hii yakusudia mambo mawili. La kwanza ni kueleza kwa ufupi historia ya neno hilo la Kiingereza na kulilinganisha na desturi za Pwani na za Bara. La pili ni kuonyesha kwamba jambo hili si shughuli ya watunga kamusi peke yao. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilibadili sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Sheria nyingi zilizoandikwa kwa Kiingereza zapasa kufasiriwa, na miongoni mwake zimo zile zimwadhibuzo mtu kwa maneno ya kinywa chake. Basi tofauti iliyopo kati ya utani, kijembe na tusi yaweza kuwa tofauti kati ya mtu kurudi nyumbani kwake na mtu kwenda kifungoni. Kwa upande wa Bara nitatazama hasa Mugeta, iliyo katika Wilaya ya Bunda, Mkoa wa Mara, pamoja na nchi zinazoizunguka.

I. Asili ya neno

Neno "taunt" si la kale sana. Laonekana katika maandishi ya Kiingereza tangu mwanzo wa karne ya 16, na wajuzi wa asili ya maneno hudhani kwamba latokana na usemi wa Kifaransa "tant pour tant", yaani kadiri hii kwa kadiri hii, au kama tungesema sisi, sawa kwa sawa. Katika matumizi yake ya kwanza lilikuwa na maana ya jibu kali lenye werevu: mtu ametupiwa neno, naye amelirudisha likiwa na makali yale yale. Baadaye maana ikahama. Likawa neno la upande mmoja, la mtu amchomaye mwenzake kwa maneno ili kumuumiza, kumtweza au kumchokoza, na habari ya jibu ikatoka katika maana yake. Mfungwa aliye katika minyororo huweza kufanyiwa jambo hilo na walinzi wake, na hapana atazamiaye kwamba atajibu.

Pamoja na neno hilo walikuwa nalo jingine, "flyting", litokalo katika kitenzi cha Kiingereza cha kale chenye maana ya kugombana. Hili lilidumu zaidi Uskoti. Yapata mwaka 1500, katika zama za Mfalme James wa Nne, washairi wawili, William Dunbar na Walter Kennedie, walitupiana beti za matusi mazito ya ukoo, ya sura, ya umaskini na ya lugha. Maneno yao yangesemwa njiani yangeleta kisu. Kwa kuwa yalisemwa kwa vina, mbele ya wasikilizaji, na kwa zamu, yalihesabiwa kuwa mashindano ya ufundi. Watu wa Skandinavia nao wana shairi la kale liitwalo Lokasenna, ambamo Loki huingia karamuni na kuwasuta miungu mmoja mmoja, na kila mmoja hujibu.

Waarabu walikuwa na desturi ya namna hiyo iliyokamilika zaidi. Katika karne ya 7 na ya 8 Jarir na al-Farazdaq walishindana kwa miaka mingi, na uwanja wa Mirbad, huko Basra, ukajulikana kwa mashindano hayo. Sharti la mashairi yao lilikuwa gumu: ajibuye hana budi kufuata bahari na kina kile kile cha aliyemtangulia, kisha akipindue kila alichosema. Hapa kile kipimo cha sawa kwa sawa ni sheria ya fani yenyewe.

Kwa hiyo twaona namna mbili za jambo moja. Ya kwanza ni maneno makali ambayo yana zamu, mashahidi na mpaka. Ya pili ni maneno makali yasiyo na zamu. Kiingereza kilianza na neno lenye harufu ya ile namna ya kwanza, kikaishia kulitumia kwa ile ya pili. Swali letu ni hili: Kiswahili kimefanya nini?

II. Pwani: jibu, fumbo na kijembe

Katika ushairi wa Pwani kujibizana ni desturi ya kale yenye heshima. Mtu maarufu kuliko wote katika jambo hilo ni Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi tangu yapata mwaka 1776 hata 1840. Wakati wake Mombasa ilikuwa chini ya Wamazrui, na uhasama wake na Lamu ulifikia kilele katika vita vya Shela, yapata mwaka 1812, ambavyo Mombasa na washiriki wake wa Pate walishindwa. Vita vile vilipiganwa kwa silaha na kwa mashairi. Mombasa ilitupa neno, na Lamu, ambayo mshairi wake mmoja alikuwa Bwana Zahidi Mngumi, ikarudisha. Mashairi ya Muyaka yalihifadhiwa kwa juhudi za Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor, na William Hichens akayachapisha mwaka 1940.

Mtu asomaye mashairi ya zama zile huona kwamba kejeli yake ina adabu yake. Adui hatajwi kwa jina ila kwa nadra. Hutajwa kwa mnyama, kwa chombo cha baharini, kwa upepo. Aliyeambiwa ajijua, na mji mzima wajua. Lakini akienda kushtaki hana la kushika, maana shairi lilisema habari za jahazi. Njia pekee ya kujitetea ni kutunga.

Hapo ndipo neno "fumbo" lilipo na nguvu. Asili yake ni kufumba, kama mtu afumbavyo mkono ili kilichomo kisionekane. Asemaye fumbo ameficha maana, akamwachia aambiwaye kazi ya kuufumbua mkono. Akiufumbua na kukasirika, amekiri mwenyewe kwamba maneno yamemfaa. Hii ndiyo hila ya fumbo, na ndiyo sababu wazee husema kwamba mwenye busara hulisikia akanyamaza, au hujibu kwa fumbo jingine.

"Kijembe" ni jamaa wa fumbo, lakini hakilingani nalo. Neno lenyewe ni udogo wa jembe, nalo hutajwa kwa wembe au kisu kidogo. Ukilitazama hivyo waona jinsi lilivyochaguliwa vizuri. Rungu huvunja, na mpigwa hujua papo hapo ya kuwa amepigwa. Wembe hukata, na mtu huweza kutembea hatua kadhaa kabla ya kuona damu. Vivyo hivyo apigwaye kijembe huweza kucheka pamoja na wenzake, kisha akifika nyumbani ndipo anapojua alichoambiwa. Fumbo laweza kuwa la mafunzo, la mapenzi au la dini. Kijembe hakina kazi nyingine ila kukata.

Maneno mengine ya uwanja huu yana mipaka yake pia. "Simango" ni maneno ya mtu amkumbushaye mwenzake fadhila alizomtendea, au udhaifu wake wa zamani, ili kumtia unyonge. Haliwezekani bila ya historia: mtu asiye na deni kwako humsimangi. "Kusuta" ni kumkabili mtu kwa wazi na kumwonyesha kwamba alilosema au alilotenda ni uongo au ubaya. Na kwa desturi ya wanawake wa Pwani suto hufanywa mbele ya watu, wakati mwingine kwa kundi zima kwenda mlangoni kwa mwenye kusutwa. "Kubeza" ni kukifanya kitu cha mtu kuwa si kitu. "Kusanifu", katika maana yake ya pili ambayo vijana wengi wameisahau, ni kumdhihaki mtu kwa kumsifu. "Kejeli" na "dhihaka" ni mapana zaidi, nayo hayasemi kama aliyedhihakiwa yuko mbele yako au hayupo. Na "tusi" huvunja pazia lote. Tusi la nguoni ndilo la mwisho, nalo halihitaji kufumbuliwa na mtu yeyote.

Wanawake wa Pwani ndio waliouendeleza ufundi huu katika karne ya 20. Katika lelemama vyama vya ngoma vilishindana kwa mavazi na kwa nyimbo, na nyimbo zilibeba maneno kwa wapinzani. Kanga ikawa ukurasa wa kuandikia: mwanamke huvaa neno lake mgongoni, akapita mbele ya mlango anaoukusudia, asifumbue kinywa. Taarabu nayo ikaingia katika kazi ile ile. Katika miaka ya 1990, kundi la Tanzania One Theatre, lililoanzishwa mwaka 1992, lilishindana kwa nyimbo na kundi la Muungano, na neno "mipasho" likaenea nchi nzima. Asili yake ni kupasha, yaani kumfikishia mtu, kama tunavyosema kumpasha mtu habari. Basi mpasho ni ujumbe uliofikishwa kwa mwenyewe. Jambo la kuangalia ni kwamba hata hapa kundi la pili lilitazamiwa kujibu, na watazamaji walilipa kiingilio kwa ajili ya jibu hilo. Sawa kwa sawa ilikuwa imerudi katika jukwaa la Dar es Salaam.

III. Bara: utani na wajibu wake

Tukitoka Pwani twaingia katika desturi ambayo Kiingereza hakina neno lake hata kidogo, nayo ni utani. Wataalamu wa Kizungu walianza kuiandikia kwa bidii katika miaka ya 1940. Radcliffe-Brown aliandika mwaka 1940 juu ya uhusiano wa mzaha kwa jumla, akieleza kwamba mmoja anaruhusiwa na desturi, na mara nyingine analazimishwa nayo, kumchezea mwenziwe, na mwenziwe hana ruhusa ya kukasirika. R. E. Moreau, mtaalamu wa ndege aliyekuwa akifanya kazi Amani, alikusanya habari za utani wa makabila ya Tanganyika na kuzichapisha mwaka 1941 na 1944. Padre Eberhard Spies aliandika mwaka 1943 juu ya Wangoni wa Songea, na J. B. Christensen mwaka 1963 juu ya Waluguru.

Kuhusu asili ya utani wa makabila, wachunguzi wametoa maelezo makubwa mawili, nayo hayapingani. La kwanza ni vita. Wangoni waliovuka Mto Zambezi mwaka 1835 na kupanda kaskazini walipigana na watu wengi. Vita vyao na Wahehe katika miaka ya 1870 na 1880 vilikuwa vikali mno. Vita vilipokwisha, watu waliokuwa wameuana walijikuta wakitaniana. La pili ni safari. Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi na wa Kisukuma walikwenda Pwani kwa maelfu, wakipita katika nchi za watu wengine. Mtu aliyefia njiani alihitaji wa kumzika; aliyeugua alihitaji wa kumpa maji. Utani kati yao na watu kama Wazaramo uliwapa haki ya kudai msaada huo kwa wageni.

Hapa yafaa tutulie, kwa sababu ndipo tafsiri inapopotea. Mtani humwita mwenziwe mtumwa wake, humwambia kwamba babu yake alinunuliwa kwa kibaba cha mtama, huingia nyumbani mwake akachukua kuku. Maneno hayo, yakitazamwa peke yake, ni matusi. Lakini mtani yule yule, mwenziwe akifa, ndiye huchimba kaburi, ndiye huleta mzaha matangani ili waliofiwa wapate kupumua, ndiye huigiza mwendo wa marehemu, na ndiye huweza kuzuia shughuli mpaka apewe kitu. Neno lake kali limefungamana na jembe la kaburi. Mfasiri akiandika kwamba utani ni "mzaha", ameuacha wajibu. Akiandika kwamba ni "matusi", ameiacha haki. Na Kiingereza cha wataalamu, kisemacho "uhusiano wa mzaha", kimelitaja tendo lionekanalo na kuacha deni lisiloonekana.

Kwa hiyo utani hutimiza masharti yote ya lile neno la Kiingereza katika asili yake, tena huongeza sharti moja. Una zamu, kwa maana nitakalokuambia nawe waweza kuniambia. Una mashahidi. Una mpaka, kwa maana asiye mtani wako hawezi kukwambia. Na juu ya hayo una malipo yasiyo ya maneno, ambayo hayamo katika beti za Dunbar wala za Jarir.

IV. Mugeta na nchi ya Mara

Mugeta iko katika nchi ya Waikizu, chini ya Kiswahili cha shule, cha soko na cha mahakama, lakini ndani ya lugha na desturi za Mara ya kusini. Jirani zake ni Wazanaki, Wanata, Waikoma, Waisenye na Wangoreme, na kwa upande wa kusini Wasukuma. Mtu wa huko alijifunza Kiswahili kwa mwalimu, kwa karani na kwa mfanyabiashara. Hakukipata katika lelemama wala katika kanga. Basi maneno ya Pwani yalipomfikia, yalikuta nyumba ambayo tayari ina vyumba vyake.

Chumba cha kwanza ni vizazi. Katika nchi ya Mara maisha ya jadi yalipangwa kwa marika na vizazi, kama Malcolm Ruel alivyoandika mwaka 1962 juu ya Wakuria na Otto Bischofberger mwaka 1972 juu ya Wazanaki. Mtoto hawezi kuwa katika kizazi cha baba yake. Kati ya vizazi viwili vinavyofuatana pana heshima na kujitenga. Kati ya babu na mjukuu pana ukaribu, na mzaha waruhusiwa. Neno ambalo mjukuu amemwambia babu yake likachekesha, akimwambia baba yake ni utovu wa adabu mkubwa. Maneno ni yale yale, hata sauti ni ile ile. Kilichobadilika ni hatua moja ya kizazi. Hapana kamusi yoyote ya Kiingereza iwezayo kuonyesha jambo hilo katika neno moja.

Chumba cha pili ni mashindano yaishiayo katika ujamaa. Masimulizi ya Waikizu, yaliyoandikwa na wenyeji na kuchapishwa na Jan Bender Shetler mwaka 2003 pamoja na ya majirani zao, yaeleza habari za Nyakinywa, mwanamke aliyetoka Kanadi, katika nchi ya Wasukuma, na Isamongo, mwindaji. Isamongo alikuwa na moto. Nyakinywa alikuwa na mvua. Walipimana nguvu, Nyakinywa akashinda, akawa mtemi wa Ikizu. Masimulizi hayo si ya kutukanana, wala sidai kwamba ni chanzo cha utani. Nayataja kwa sababu yaonyesha umbo ambalo watu wa huko hulitambua: wawili wakutana, wapimana, mmoja ashinda, na mwisho wake ni taifa moja. Mtu aliyekua na umbo hilo akisikia watu wawili wakitupiana maneno, huuliza kwanza kama kuna ujamaa nyuma yake.

Chumba cha tatu chatoka kwa jirani. Wasukuma wana vyama viwili vikubwa vya ngoma, Bagika na Bagalu, ambavyo hushindana kwa ngoma, kwa dawa na kwa nyimbo za kukebehiana, na ashindaye ni yule aliyevuta watu wengi zaidi upande wake. Mashindano ya Bulabo yafanyikayo Bujora, karibu na Mwanza, yameihifadhi desturi hiyo. Hapa hakimu ni miguu ya watazamaji. Mtunzi akitukana bila ya ufundi, watu humwacha na kwenda kwa mwenziwe. Na kwa hiyo tusi tupu halina faida kwa mtunzi yeyote.

Hapana budi tumtaje pia mtu mmoja wa Butiama, isiyo mbali na Mugeta, ambaye alilikabili jambo hili akiwa mfasiri. Julius Nyerere, mwana wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki, alisoma Edinburgh tangu mwaka 1949 hata 1952, katika nchi ile ile ya Dunbar na Kennedie. Akiwa kiongozi wa nchi alifasiri tamthilia mbili za Shakespeare: ile ya Julius Caesar mwaka 1963, ambayo aliisahihisha ikatoka tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Tamthilia hizo zimejaa maneno ya kuchoma, na mfasiri hakuweza kuyapita.

Tazama mwanzo wa Julius Caesar. Fundi viatu aulizwa kazi yake na wakuu wa mji, naye ajibu kwa maneno yenye maana mbili, akijifanya haelewi hasira yao. Hicho ni kijembe cha mnyonge kwa mwenye nguvu, na kimefumbwa kwa sababu hana ruhusa ya kusema wazi. Kisha mkuu mmoja awageukia wafanyakazi na kuwakemea, akiwakumbusha jinsi walivyompenda Pompey na sasa wamshangilia aliyemshinda. Hilo si kijembe; ni karipio lenye simango ndani yake, kwa kuwa lategemea historia na deni. Nao waondoka kimya. Katika Mabepari wa Venisi, Antonio huja kukopa fedha kwa mtu ambaye alimtemea mate na kumwita mbwa. Shylock amkumbusha hayo yote usoni pake kabla ya kumkopesha. Maneno ya Antonio yalikuwa matusi. Maneno ya Shylock ni suto. Mwingereza aweza kuyaita yote manne kwa neno moja, na asilaumiwe. Mswahili akifanya hivyo ameondoa nusu ya tamthilia, kwa sababu msomaji hatajua tena nani mwenye haki ya kusema na nani asiye nayo.

V. Neno mbele ya hakimu

Sasa tuje katika jambo lililo zito kuliko yote. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, ambayo asili yake ni sheria ya Tanganyika ya mwaka 1930, katika kifungu cha 89 yamtia hatiani mtu atumiaye kwa mwingine lugha chafu, ya matusi au ya kufedhehesha kwa namna iwezayo kuleta uvunjaji wa amani. Angalia kwamba sheria haikutoa orodha ya maneno. Imeweka kipimo: je, kwa namna lilivyosemwa, neno hilo laweza kuvunja amani? Kipimo hicho ni kizuri, kwa sababu kinamlazimisha hakimu kutazama watu na mahali. Katika mazoea ya mahakama, hata hivyo, kosa hilo limefupishwa kwa Kiswahili kuwa "kutumia lugha ya matusi", na ufupisho huo una hatari. Asomaye hati husikia neno "matusi", akaenda kuyatafuta maneno. Na maneno ya watani yamejaa.

Mfikirie mtu wa Mugeta aliyesimama mbele ya Mahakama ya Mwanzo, ambayo kazi zake hufanywa kwa Kiswahili. Ameshtakiwa kwamba alimwita mlalamikaji mtumwa wa babu yake. Yeye asema kwamba alimtania. Kama Kiswahili cha hakimu kinalifahamu neno "kutania" kwa maana nyepesi ya kufanya mzaha, utetezi huo ni dhaifu, kwani kila mchokozi husema kwamba alikuwa akifanya mzaha. Kama analifahamu kwa maana yake kamili, atauliza maswali: Je, ninyi ni watani, na kwa jadi gani? Alipokuambia, nawe ulikuwa na ruhusa ya kumjibu vivyo hivyo? Mlipofiwa, nani alikuja na jembe? Majibu ya maswali hayo ni ushahidi, wala si mapambo. Mchokozi hatakuwa nayo.

Upande wa pili nao una haki yake. Kijembe chaweza kumwumiza mtu kuliko tusi, lakini kwa kuwa kimefumbwa, kipimo cha lugha chafu hakikishiki. Mwanamke aliyesimangwa kwa utasa kila siku na jirani yake kwa nyimbo za kutwangia hana neno hata moja la kumpelekea hakimu. Mtu akidhani kwamba ukali wa jambo upo katika uchafu wa maneno, atamwadhibu mtani na kumwachia mpiga vijembe. Basi kosa la tafsiri laweza kugeuza haki juu chini.

Wala kashfa isichanganywe na hayo. Mwaka 1958 Nyerere mwenyewe alitiwa hatiani kwa kashfa ya jinai kwa sababu ya maneno aliyochapisha juu ya maofisa wawili wa serikali ya kikoloni, akatozwa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi 6, faini ikalipwa. Kesi ile ilihusu madai ya mambo yaliyotendwa, ambayo yaweza kuthibitishwa au kukanushwa. Aambiwaye kijembe hana la kukanusha, na mtani hadai ukweli wowote: anaposema kwamba babu yako alinunuliwa kwa kibaba, wote mwajua kwamba si hivyo.

Matumizi ya leo yaonyesha kwamba wasemaji wa Kiswahili hawajaupoteza ujuzi huu. Vilabu vya Yanga, kilichoanzishwa mwaka 1935, na Simba, kilichoanzishwa mwaka 1936, huitwa na watangazaji "watani wa jadi". Wangeweza kuitwa maadui au mahasimu, na mara nyingine huitwa hivyo. Lakini jina lililokaa ni hili. Watu wamekubaliana, bila ya kuambiwa na baraza lolote la lugha, kwamba maneno yanayotupwa kati ya mashabiki wa pande hizo mbili yana zamu na yana mpaka. Na shabiki apitaye mpaka, akamtukana mchezaji kwa mzazi wake au kwa kabila lake, huambiwa na wenziwe: huo si utani tena. Sentensi hiyo fupi ni kanuni nzima ya sheria.

Hivyo basi napendekeza mambo matatu. Kwanza, kamusi zetu zisiliwekee neno "taunt" orodha ya maneno yaliyotenganishwa kwa mikato tu, kana kwamba ni sawa. Ziseme: penye ruhusa ya kujibu na wajibu wa ujamaa, ni kutania, penye maana iliyofichwa ili kukata, ni kupiga kijembe, penye deni au fadhila iliyokumbushwa, ni kusimanga, penye uongo au ubaya uliofichuliwa usoni, ni kusuta, penye kuvunja pazia, ni kutukana. Pili, wafasiri wa sheria wasikifupishe kifungu cha 89 hata kipimo cha amani kikapotea, kwa maana kipimo hicho ndicho mlango ambamo desturi huweza kuingia mahakamani kwa haki. Tatu, maneno ya Kiikizu, Kizanaki, Kinata, Kiikoma na Kingoreme yenye kutaja mizaha ya babu na wajukuu, ya mashemeji na ya marika, yakusanywe pamoja na maelezo ya nani huruhusiwa kumwambia nani, maadamu wazee wanaoijua mipaka hiyo wapo. Hakimu wa Mugeta atayahitaji kabla ya mtunga kamusi.